Githeri si Chakula cha Dhiki

Tarehe 8 Agosti 2017, mpiga kura mmoja jijini Nairobi alipigwa picha kwenye foleni akila githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kutoka mfuko wa plastiki. Nchi nzima ilicheka, na kabla ya mwaka kwisha alitunukiwa nishani ya serikali. Kicheko kile hakikuwa na chuki, lakini kilibeba dhana ya siku nyingi: kwamba githeri ni chakula cha asiye na kitu, cha mabweni na magereza. Huku Nakuru, Bahati, Njoro na Molo dhana hiyo haina mashiko. Githeri hapa ni utaratibu wa nyumba yenye akiba.

Utaratibu wenyewe huanzia shambani. Mvua za Machi na Aprili zikishika, mahindi na maharagwe hupandwa pamoja. Maharagwe hurutubisha udongo na kukomaa mapema; kufikia Julai au Agosti mengi yameshang'olewa na kupurwa, ilhali mahindi husubiri hadi Oktoba na kuendelea. Stoo hujaa kwa zamu. Asiye na shamba hununua sokoni kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, na mpishi mwenye kuijua kazi yake huuliza kwanza maharagwe ni ya msimu gani, maana yaliyokaa sana humaliza makaa bila kuiva. Usiku hulowekwa. Kesho yake sufuria kubwa hukaa jikoni saa kadhaa, bila mafuta wala viungo, mpaka punje za mahindi zipasuke. Hapo kazi ya siku mbili tatu imekwisha. Nyumba isiyo na friji huichemsha tena asubuhi ili isichache, na kila jioni huchotwa kiasi: kitunguu na nyanya hukaangwa, viazi vya Molo, karoti na kabeji hufuata, kisha githeri yenyewe na maji kidogo ili pawe na rojo, dania ikinyunyizwa mwishoni. Aliyetoka kazini saa kumi na mbili anakula taarifa ya habari ikiendelea. Ovakado ikiwepo, hakuna kinachopungua.

Wapo wanaosema inakula makaa mengi. Ni kweli, lakini moto huo mmoja hulisha siku kadhaa, na kando ya barabara za Nakuru githeri iliyokwisha kuchemshwa huuzwa kwa kipimo, hivyo moto wa muuzaji mmoja huhudumia nyumba nyingi. Wengine huiita wanga mtupu. Hao hawajaitazama sahani vizuri: mahindi yana upungufu wa laisini, ambayo maharagwe yanayo kwa wingi, na maharagwe yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi huiongezea. Pamoja hutoa protini iliyo bora kuliko ya kila kimoja peke yake, tena bila bei ya nyama.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hiki ni chakula cha Wakikuyu, si cha Bonde la Ufa. Jina ni lao, na familia zao zilizofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi ndizo zilizokikita hapa. Hata hivyo, Mluo ana nyoyo yake, Mkamba ana isyo, Mtaita ana pure, na ng'ambo ya mpaka Mpare ana makande. Nao wanaoililia kama urithi usioguswa wa mababu wakumbuke kwamba mahindi na maharagwe haya yote asili yake ni Amerika. Njahi, ile ya jamii ya kunde, ndiyo yenye asili ya Afrika. Mila haihitaji kuwa ya kale sana ndipo iheshimiwe.

Kinachoniudhi ni aibu. Mgeni akibisha hodi, sufuria hufunikwa na mtoto hutumwa dukani kununua mchele, mara nyingi wa Pakistan, kwa pesa taslimu, huku gunia la mahindi likiwa limesimama stooni. Watoto wanaoona hivyo hujifunza kwamba chakula cha kwao ni cha kufichwa, na wakishapata nyumba zao hawachemshi tena. Mgeni akija, mpakulie githeri, tena usimwombe radhi.