Msiwazike Bila Majina kwa Kuogopa Kipindupindu

Kila yanapotokea maafa naulizwa swali lilelile: tuwazike wote pamoja leo, tusije tukapata kipindupindu? Hapana. Nimelijibu redioni na kwenye semina za wenyeviti wa vijiji, na bado linaulizwa na watu wenye uwezo wa kuita katapila.

Aliyezama ziwani au kufukiwa na tope ameuliwa na maji au majeraha. Kama hakuwa na bakteria wa kipindupindu akiwa hai, hawezi kuwa naye kwa sababu amekufa. Vijidudu vingi vya magonjwa havidumu ndani ya maiti, na vinavyoozesha mwili vinatoka tumboni mwetu wenyewe. Harufu inakera, lakini haiambukizi. Kipindupindu kikizuka baada ya mafuriko kimeletwa na walio hai: vyoo vimefurika, visima vimechafuka, watu wamebanana madarasani. Aliyekufa kwa kipindupindu chenyewe, Ebola au Marburg ana utaratibu wake. Msimchanganye na hawa.

Halafu chokaa! Magunia kwa magunia yanamwagwa juu ya miili. Haizuii maambukizi, inawaunguza macho wazikaji, na ikigandia usoni, mama hamtambui tena mwanawe.

Gharama ya haraka hii huja baadaye. Walipozikwa Igoma wahanga wa kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996, na Ukara wa kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018, wapo walioingia kaburini bila kutambuliwa. Asiyetambuliwa hana cheti cha kifo. Mkewe hajui eda aianze lini, mirathi haifunguliwi, na sheria ya Tanzania inataka miaka 5 ya kutosikika ndipo mtu adhaniwe amekufa.

Basi fanyeni hivi. Vaeni glavu na buti, nawieni sabuni. Kila mwili upewe namba isiyofutika. Pigeni picha kabla ya kuosha, kisha tena baada ya kufuta tope: uso, mwili mzima, nguo, makovu, meno. Pete na simu zikae na namba hiyohiyo. Hakuna mochwari? Zikeni kwa muda, kina cha mita 1.5, kila mmoja na nafasi yake, asilaliwe na mwenzake, mbali na visima, na ramani ya makaburi itunzwe. Anayetaka kuzika siku hiyohiyo kwa mujibu wa dini yake hazuiwi. Picha na namba ni kazi ya dakika chache. Fedha ya chokaa inunue klorini ya kutibu maji ya kunywa.