Cheti Kiko Ukutani, Je, Mtoto Yu Salama?

Ndugu msomaji, wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Zamani mkono wa pili ulikuwa wa bibi, wa shangazi au wa jirani. Siku hizi, kwa familia nyingi za Mwanza na visiwa vyake, mkono huo ni wa kulipia. Mama huamka alfajiri kuwahi dagaa mwaloni, na baba ndiyo kwanza anarudi kutoka kuvua usiku kucha. Bibi amebaki Kwimba au Magu. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kushinda juani penye dagaa walioanikwa, na dada yake wa miaka tisa mahali pake ni shuleni. Basi mtoto hupelekwa chekechea, au kwa mama fulani wa mtaani anayepokea watoto kwa malipo ya siku.

Je, ni nani anayehakikisha kuwa mahali hapo pana usalama? Anatazama nini anapokuja? Na mzazi ana sehemu gani katika kazi hiyo? Hayo ndiyo tutakayoyaangalia katika ukurasa wetu mwezi huu.

KWA NINI NI JAMBO LA AFYA

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunakumbuka MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Taifa zima lilililia. Lakini mtoto anayeteleza kwenye jiwe wakati dada yake anaosha vyombo huliliwa na nyumba moja tu, na habari zake hazifiki redioni. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya Desemba 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Mtoto mdogo huzama kimya na kwa dakika chache, mara nyingi wakati wakubwa wanashughulika na kazi. Huko Bangladesh, ambako vijiji vimezungukwa na madimbwi, walianzisha vituo vya kulelea watoto katika saa za asubuhi, wakati wazazi wako kazini. Vifo vya kuzama vilipungua sana kwa watoto waliopelekwa vituoni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza malezi ya mchana kwa watoto ambao hawajaanza shule, kama njia mojawapo ya kuzuia vifo hivyo. Kwa hiyo kwetu sisi wa mwambao, kituo kizuri cha watoto ni kinga, kama vile chanjo ilivyo kinga.

Lakini kituo kibaya hugeuka kuwa mahali pa kugawia magonjwa. Weka watoto thelathini katika chumba kimoja, wenye kikombe kimoja na choo kimoja. Mmoja akiharisha Jumatatu, kufikia Ijumaa nusu yao wanaharisha. Ndiyo sababu serikali haikuacha kazi hii iwe ya yeyote anayependa.

SHERIA INASEMAJE

Mwaka 1981 Bunge lilitunga Sheria Namba 17 ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana. Sheria hiyo ilifutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara pamoja na kanuni zake. Msingi wake ni kwamba kituo kisifunguliwe bila kibali cha serikali, na kikishafunguliwa kikubali kukaguliwa majengo yake, vitabu vyake na kumbukumbu zake.

Wazazi wengi huchanganya milango miwili. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kiko chini ya Ustawi wa Jamii, yaani wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii, jinsia, wanawake na makundi maalum. Darasa la elimu ya awali, linalomwandaa mtoto kwa darasa la kwanza, liko chini ya Wizara ya Elimu, na linatazamwa na wathibiti ubora wa shule, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi. Mahali penye vyote viwili panapaswa kujibu kwenye milango yote miwili.

Kituo cha parokia au cha masista hukaguliwa sawasawa na vingine. Jina la mtakatifu mlangoni halichukui nafasi ya cheti.

KITUO KINAVYOPIMWA

Mwenye nia ya kufungua kituo huanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake. Afisa huyo hufika kuona mahali penyewe. Bwana afya naye hutazama vyoo, maji, jiko na taka. Wakiridhika, maombi husonga mbele hadi cheti kitolewe. Wasiporidhika, mwombaji huambiwa arekebishe nini kwanza. Baada ya hapo maafisa hurudi kukagua kama kituo bado kiko katika hali iliyokubaliwa. Haya ndiyo mambo makubwa wanayoyaangalia, pamoja na sababu zake.

1. Ua na lango. Mtoto asiweze kutoka peke yake, wala mgeni asiweze kuingia bila kuonekana. Karibu na ziwa hili ni jambo la kwanza. Kisima, shimo la taka na tangi lazima vifunikwe, na hata ndoo ya maji isiachwe wazi, kwani mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama ndani yake. Kuhusu ua wa minyaa tuliouzoea Usukuma, tukumbuke kuwa utomvu wake huunguza macho. Kwa watoto wadogo afadhali mabanzi, wavu au matofali.

2. Idadi ya walezi. Kipimo cha serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wale wadogo zaidi huhitaji mikono mingi kuliko hapo. Kule England mlezi mmoja haruhusiwi kushika zaidi ya watoto watatu wenye umri wa chini ya miaka miwili. Mlezi mmoja mwenye watoto arobaini, hata awe mwema namna gani, hawezi kujua ni yupi ametoka.

3. Mafunzo na afya ya walezi. Mlezi awe amefundishwa kazi hiyo. Vipo vyuo kwa ajili hiyo, kama kile cha Ustawi wa Jamii cha Kisangara, mkoani Kilimanjaro. Yeye na mpishi wapimwe afya mara kwa mara. Kikohozi cha kifua kikuu cha mlezi mmoja kinaweza kuingia katika nyumba nyingi.

4. Maji na vyoo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na kila mtoto awe na kikombe chake. Choo kiwe na tundu dogo linalomfaa mtoto, na pawe na maji ya kunawa na sabuni karibu yake. Maji ya ziwa yaliyochotwa sasa hivi yasitumike kuogeshea watoto, kwa sababu vijidudu vya kichocho hupenya kwenye ngozi. Yakichemshwa, au yakitulia siku mbili ndani ya chombo kilichofunikwa, vijidudu hivyo hufa. Hata hivyo, maji yaliyotulia bado hayafai kunywewa bila kuchemshwa.

5. Jiko na chakula. Jiko liwe mbali na mahali pa kuchezea. Uji wa mahindi matupu hushibisha lakini haujengi mwili. Kwetu dagaa hawakosekani, basi waliokaushwa vizuri na kusagwa watiwe katika chakula cha watoto.

6. Mahali pa kulala na kucheza. Chumba kiwe na hewa na mwanga, mikeka iwe safi, na watoto wanaolala wawe ndani ya chandarua. Pawe na nafasi ya kukimbia na vitu vya kuchezea. Mtoto aliyekalishwa kwenye benchi tangu asubuhi akikariri herufi hajalelewa, amehifadhiwa tu.

7. Daftari. Humo huandikwa nani amefika, saa ngapi, na nani anaruhusiwa kumchukua. Watoto wahesabiwe wakifika, wakitoka kucheza na kabla ya kuondoka. Mkaguzi pia huulizia kadi za kliniki, ili ajue kama chanjo zimekamilika, pamoja na ile ya surua na rubela inayotolewa katika miezi 9 na miezi 18.

8. Adhabu. Fimbo, kumfungia mtoto chumbani na kumnyima chakula ni mambo yasiyokubalika kabisa.

Ukiyatazama vema utaona yanakwenda pamoja na mpango wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, uliozinduliwa Desemba 2021. Mpango huo unataja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, kujifunza tangu mapema, na ulinzi na usalama.

UKAGUZI UNA MIPAKA

Sasa tuseme ukweli. Afisa Ustawi wa Jamii ana kazi nyingi: ndoa zenye migogoro, watoto wa mitaani, wazee wasio na msaada. Mkoa wetu una visiwa ambavyo afisa huvifikia kwa mtumbwi au kivuko tu. Anapofika kituoni huona siku moja. Siku hiyo sakafu imedekiwa, sabuni imewekwa, na watoto wamevaa sare. Cheti kinathibitisha kwamba siku fulani mambo yalikuwa sawa. Hakiwezi kukuambia habari za leo.

Mzazi ndiye anayefika pale siku tano kwa wiki. Kwa hiyo na ajifunze kutazama kwa macho ya mkaguzi. Siku moja nenda saa nne asubuhi bila kutoa taarifa. Je, lango limefungwa? Hesabu watoto, kisha hesabu watu wazima. Omba maji ya kunywa uone yanatoka wapi. Tazama choo. Sikiliza sauti: kituo chenye afya kina kelele za michezo, hakina ukimya wa woga. Kituo kinachomkataza mzazi kuingia ndani kimekwisha kujibu swali lako.

UKIKUTA KASORO

Kwanza, zungumza na mlezi kwa heshima. Kasoro nyingi ni za uwezo mdogo tu. Pili, wazazi mkutane na mwenye kituo na kupanga marekebisho kwa tarehe. Tatu, ikishindikana, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Lakini mtoto akiumizwa au akiguswa vibaya, usisubiri kikao. Nenda moja kwa moja polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au piga simu namba 116, ya huduma kwa mtoto.

Hapa pana jambo gumu. Tuchukue mfano wa mama wa mwaloni anayelea watoto kumi na wanane katika chumba kimoja, bila cheti wala ua. Sheria haimruhusu. Lakini akifungiwa leo, kesho wale kumi na wanane watakuwa wapi? Watarudi kwenye mawe ya ziwani, nyuma ya dada zao. Penye hatari ya leo leo, kama kisima wazi, moto au ukatili, mlango na ufungwe bila huruma. Penye upungufu unaorekebishika, mama huyo aambiwe waziwazi upungufu wake, apewe muda, asaidiwe kufika ofisi ya ustawi, na watoto wapunguzwe mpaka wafikie idadi anayoiweza. Wazazi kumi na wanane wakichanga wavu wa ua, tundu la choo na ndoo yenye bomba, kazi kubwa imekwisha. Kufunga kibaya bila kufungua kizuri hakumlindi mtoto.

WAJIBU WETU WAZAZI

Tusidai tu. Tulipe kwa wakati, maana mlezi asiyelipwa huongeza watoto ili apate chakula chake. Tusipeleke mtoto anayeharisha au mwenye homa tukificha. Tuseme ukweli kama ana degedege au kama kuna chakula kinachomdhuru. Tutaje kwa majina wanaoruhusiwa kumchukua. Jioni tumwulize mtoto siku yake ilikuwaje, kisha tukae kimya tumsikilize.

Ndugu msomaji, mkaguzi wa serikali huja na kuondoka. Kinachobaki ni jicho la mzazi, na lango ambalo mtu fulani amekumbuka kulifunga.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu watoto wadogo wanalelewa wapi saa za kazi? Je, tumewahi kufika huko na kuingia ndani?

2. Ni nyumba zipi za jumuiya yetu ambazo mtoto huachwa na mtoto mwenzake? Tunaweza kuzisaidiaje?

3. Kituo cha parokia yetu kina cheti? Kilikaguliwa lini, na ni mambo gani kiliambiwa kurekebisha?