Mzee Amekuwa Mzito? Pima Presha

Ubongo una rangi mbili. Juu kuna tabaka la kijivu, zilimo seli nyingi za neva. Chini yake kuna sehemu nyeupe, karibu nusu ya ubongo, ambayo ni nyuzi zinazoziunganisha seli hizo. Weupe huo ni mafuta: nyuzi zimeviringishiwa ala iitwayo mayelini, na ala hiyo ndiyo inayoupa ujumbe kasi. Mwilini, uzi mnene wenye ala huweza kupitisha ujumbe mita 100 kwa sekunde. Mwembamba usio na ala hauzidi mita 2.

Sehemu hii hulishwa na mishipa ya damu myembamba mno, na mmoja ukiziba, mara nyingi hakuna wa jirani wa kuziba pengo. Presha ikikaa juu miaka na miaka, kuta za mishipa hiyo hukakamaa, njia ya damu husinyaa, na ala huanza kumomonyoka. Hakuna maumivu, wala kiharusi cha kumwangusha mtu. Kisukari na sigara huzidisha madhara. Kwenye kipimo cha MRI tunaona madoa yanayong'aa. Aliyevuka miaka 60 asikose usingizi kwa vidoa viwili vitatu. Hivyo ni vya kawaida. Tunaogopa madoa yaliyopanuka hadi yakaungana.

Dalili za uharibifu huu hazifanani na zile ambazo watu wamezoea kuziita usahaulifu. Mpe mgonjwa karatasi yenye namba na herufi zilizotawanyika, umwambie aziunganishe kwa zamu: 1, A, 2, B, 3, C. Namba anazijua, herufi anazijua. Lakini akifika 2 anakwenda 3, anasita, anarudi, kalamu inabaki hewani. Msomee maneno matano, kisha muulize baada ya dakika chache: anakumbuka mawili. Mdokezee kwamba mojawapo ni tunda, naye anasema papo hapo, "Embe!" Neno lilikuwamo, ila njia ya kulifikia imechakaa. Mgonjwa wa Alzheimer kwa kawaida hasaidiwi sana na kidokezo hicho, na tofauti hiyo hutuongoza sana kliniki. Nyumbani mambo hayo huonekana katika kazi yenye hatua nyingi, kama kupika pilau au kutuma pesa kwa simu. Hata mwendo hubadilika. Hatua huwa fupi na nzito.

Linaloniuma zaidi ni upande wa hisia, kwa sababu hapo ndipo mzee huonewa. Nyuzi nyingi zinazoharibika hutoka sehemu ya mbele ya ubongo, inayotupa msukumo wa kuanza jambo. Basi mzee aliyekuwa haikosi baraza ya jioni anashinda kitini. Halii wala halalamiki. Ukimuuliza anasema hajambo. Watoto wanasema amesusa, mke anasema amekuwa mvivu, na wapo wanaotafuta aliyemroga. Wengine hupata sonona kamili. Mwaka 1997 George Alexopoulos, daktari wa akili wa Marekani, alitoa hoja kwamba baadhi ya sonona inayoanza uzeeni hutokana na mishipa ya damu ya ubongo. Wagonjwa wa namna hii mara nyingi hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa za sonona, kwa hiyo lazima na presha ishughulikiwe.

Na kuishughulikia kunasaidia. Utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani, uliotolewa 2019, ulilinganisha watu walioshushiwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 na walioishia chini ya 140. Baada ya miaka minne hivi, madoa yaliongezeka kwa sentimita za ujazo 0.92 kwa kundi la kwanza na 1.45 kwa la pili, na hatari ya udhaifu mdogo wa akili ilipungua kwa kundi la kwanza. Kiwango hicho si cha kila mtu. Mzee anayepata kizunguzungu akisimama huenda akaanguka, hivyo daktari ndiye apange. Kinachowaponza wengi kwetu ni kuacha vidonge presha ikishashuka, wakidhani wamepona.

Ukimleta mzee kliniki, njoo na dawa zote anazotumia, vipimo vyake vya presha vya nyuma, na mtu anayeishi naye. Lakini mabadiliko yakitokea ghafla, mdomo ukapinda au mkono ukalegea, usisubiri siku ya kliniki. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.