Picha za vita mashariki mwa Kongo: tarehe na mahali hupotea wakati wa kuhariri na kutuma

Mashariki mwa Kongo, kila shambulio hufuatwa na picha. Nyumba iliyoungua, daraja lililobomolewa, kaburi la pamoja: kwa dakika chache tu picha huwa imekwisha kuzunguka katika makundi ya WhatsApp kutoka Beni hadi Uvira. Halafu wakaaji huanza kuulizana: hii ni ya lini? Ni ya wapi kweli? Mara nyingi jibu lilikuwa ndani ya faili ya picha, lakini lilifutwa njiani.

Simu au kamera inapopiga picha, huandika pia maelezo yasiyoonekana kwa macho: siku, saa na sekunde, aina ya kamera, na mahali ikiwa GPS imewashwa. Maelezo hayo huitwa metadata. Yale yanayoandikwa na kamera yenyewe hufuata utaratibu wa Exif, uliotolewa Japani mwaka 1995. Jina la mpiga picha na maelezo ya tukio huongezwa baadaye katika sehemu nyingine, zinazojulikana kama IPTC na XMP.

Picha zilizofika mahakamani Bukavu

Mwezi wa 9 mwaka 2018, mahakama ya kijeshi huko Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR kifungo cha maisha kwa makosa ya jinai dhidi ya binadamu, kufuatia mashambulizi ya mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, Kivu Kusini. Kati ya ushahidi uliopokelewa kulikuwa na picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness to Atrocities, iliyozinduliwa mwaka 2015 na International Bar Association, shirika la wanasheria lenye makao London.

Programu hiyo hurekodi saa na mahali pa picha, hufunga faili ili isibadilishwe, kisha huituma mahali salama. Wakili akiulizwa nani alishika picha hiyo tangu ilipopigwa, ana la kujibu. Picha iliyopita mikononi mwa watu hamsini kwa WhatsApp haina jibu hilo.

Inapotea wapi?

Njia ya kwanza ni kutuma. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa ukubwa, na maelezo ya kamera na mahali huondolewa. Ikitumwa kama hati, faili husafiri jinsi ilivyo. Picha ya skrini nayo ni faili mpya kabisa: tarehe yake ni ya siku ile skrini ilipopigwa, si siku ya tukio.

Njia ya pili ni kuhariri. Mwandishi wa habari anakata pembe za picha, anaongeza mwangaza, anaibadilisha iwe JPEG ndogo ili ipande haraka mtandaoni. Hapo programu hufuata chaguo lililowekwa. Photoshop, katika sehemu ya kutayarisha picha za mtandao, inaweza kuacha metadata yote, kubakiza haki za mwandishi peke yake, au kufuta yote. Lightroom nayo huuliza iandike metadata ipi, na ina chaguo la kuondoa mahali tu. GIMP, ambayo ni ya bure, huweka visanduku vya Exif, XMP na IPTC wakati wa kutoa JPEG. Kisanduku kisipotiwa alama, maelezo hayo hayaingii katika nakala mpya.

Hata metadata ikibaki, programu nyingi huongeza jina lao ndani ya faili. Kwa jaji au mpinzani, hiyo ni dalili kwamba picha imeguswa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutohariri faili asili. Nakili kwanza picha zote kutoka kwenye kadi ya memori au simu, weka nakala ya pili kwenye diski nyingine, kisha fanya kazi kwenye nakala. Ukihifadhi, toa jina jipya, usiandike juu ya ile ya zamani. Baada ya hapo fungua maelezo ya picha mpya na uhakikishe tarehe bado ipo.

Angalia pia saa ya kamera. Kongo ina masaa mawili: Kinshasa iko nyuma ya Goma, Bukavu na Lubumbashi kwa saa moja. Simu iliyo karibu na mpaka wa Uganda inaweza kushika mtandao wa jirani na kwenda mbele saa moja. Kosa hilo dogo linatosha kumpa mshitakiwa nafasi ya kusema hakuwa mahali pale.

Si kila kitu cha kutangazwa

Kuhifadhi si sawa na kuchapisha. Mwezi wa 12 mwaka 2012, jarida la Vice lilitoa picha ya mfanyabiashara John McAfee, aliyekuwa amejificha. Metadata ya picha hiyo ilikuwa na alama za GPS, na kila mtu akajua kwamba yuko Guatemala. Kwetu, shahidi aliyepigwa picha mbele ya nyumba yake anaweza kulipa kwa uhai wake. Nakala inayokwenda kwa watu iondolewe mahali; faili asili ibaki imefungwa, pamoja na jina la aliyeipiga na orodha ya waliopewa.

Metadata pekee haimalizi kesi, kwa sababu mtu mwenye ujuzi anaweza kuibadilisha. Ndiyo maana wachunguzi huilinganisha na milima, majengo, vivuli na maneno ya mashahidi. Lakini ikikosekana, kazi hiyo huanzia sifuri, na kesi kama ya Kamananga ilichukua miaka sita kufikia hukumu. Anayepiga picha leo huko Rutshuru au Fizi hajui ni nani atakayeihitaji mwaka 2032. Aitunze faili aliyopiga, kabla ya kuituma kwa yeyote.