Bahasha za Manowari: Historia ya Vita Katika Mihuri ya Posta

Ukusanyaji wa bahasha zilizopigwa muhuri ndani ya manowari, yaani meli za kivita, ni tawi la ukusanyaji wa stempu ambalo thamani yake haimo hasa katika stempu, bali katika alama zote zilizoachwa juu ya karatasi na mikono iliyoipokea, kuikagua na kuisafirisha barua. Jeshi la Majini la Marekani limeacha hazina kubwa ya bahasha za namna hii, na zile za Vita Kuu ya Pili ya Dunia zinaonyesha wazi kwamba hata jina lililofutwa linaweza kuwa ushahidi.

Msingi wa hazina hiyo uliwekwa mwaka 1908, sheria ya Marekani ilipoidhinisha mabaharia kuteuliwa kuwa makarani wa posta ndani ya meli zao. Muhuri wa kawaida wa meli ulikuwa na duara lenye jina la meli na tarehe, na kando yake mistari iliyopita juu ya stempu ili isitumike tena. Katika aina fulani za mihuri, nafasi kati ya mistari hiyo iliweza kujazwa jina la bandari au la tukio lililoadhimishwa siku hiyo. Upenzi wa bahasha hizo ulikua sana katika miaka ya 1930, na mwaka 1932 wakusanyaji wakaanzisha chama chao, Universal Ship Cancellation Society. Mpaka leo wengi wao huipanga mihuri kwa kufuata mfumo wa Francis Locy, ambao huitofautisha kwa umbo la duara, mpangilio wa maandishi na aina ya mistari.

Baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, muhuri uliotaja meli pamoja na tarehe au mahali ulikuwa hatari, kwa kuwa adui angeweza kuutumia kufuatilia mwendo wa manowari. Kwa hiyo majina yaliondolewa, mengine kwa kuchongwa kutoka kwenye mihuri ileile ya zamani, na barua nyingi zikapigwa muhuri uliosema tu kwamba zimetoka katika jeshi la majini. Meli sasa hutambuliwa kwa anwani ya mtumaji iliyoandikwa kwenye kona ya juu kushoto, ambako baharia alitaja jina lake, cheo chake, meli yake na posta kuu ya meli za kivita iliyopokea barua zake, mara nyingi ile ya San Francisco kwa meli za Pasifiki na ile ya New York kwa meli za Atlantiki.

Alama nyingine hukamilisha maelezo. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1942 wanajeshi walisafirishiwa barua za kawaida bila malipo, wakiandika neno la Kiingereza lenye maana ya «bure» mahali pa stempu, ilhali barua ya ndege ilihitaji stempu ya senti 6. Muhuri wa mkaguzi, wenye herufi za kwanza za jina lake, huthibitisha kwamba ofisa aliisoma barua kabla haijafungwa, ili kuondoa habari ambazo zingeweza kumfaa adui.

Usiri huo ulipokwisha, majina yalirudi. Tarehe 2 Septemba 1945 wawakilishi wa Japani walitia saini hati ya kusalimu amri juu ya sitaha ya USS Missouri, na bahasha zilizopigwa muhuri melini siku hiyo, zikiwa na jina la Ghuba ya Tokyo kati ya mistari, zimebaki miongoni mwa zile zinazopendwa zaidi.

Umaarufu, hata hivyo, huvuta waghushi. Bahasha za USS Arizona, manowari iliyozama Pearl Harbor pamoja na mabaharia na askari wake 1,177, hutafutwa sana, hasa za siku za mwisho kabla ya shambulio, na nyingine zimeghushiwa. Ndiyo maana mnunuzi makini hulinganisha herufi, wino na tarehe na mfano uliothibitishwa kabla ya kulipa.

Bahasha ihifadhiwe mbali na unyevu na mwanga mkali, bila gundi, ndani ya karatasi isiyo na asidi. Zamani wakusanyaji wengi walikata kipande chenye muhuri na kutupa kilichobaki. Kwa barua ya wakati wa vita, kosa hilo halirekebishiki, kwa sababu muhuri usio na jina, ukitenganishwa na anwani ya mtumaji, hauwezi tena kusema ulitoka meli gani, na baharia aliyeiandika barua hiyo hupotea katika kumbukumbu pamoja na meli yake.