Mgeni wa Munje na Aujue Mji Wake

Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maana yake ni wazi: akaaye katika mji hana budi kushiriki kazi za mji. Lakini mgeni apewaye jembe yafaa aonyeshwe pia mahali pa kulima na mahali pasipolimwa. Siku hizi makarani, waalimu na wanunuzi wa mashamba huhamia pwani ya Kwale kwa wingi. Kwa ajili yao twaandika habari hizi za Munje, mji mdogo wa pwani katika sehemu ya Msambweni, na za majirani zake.

Jambo la kwanza ni kusikiliza. Mgeni atawasikia Wadigo wakisema Chidigo, na Washirazi wakisema Chifundi, ambacho ni Kiswahili cha asili cha pwani hii. Asidhani kwamba hicho ni Kiswahili kilichoharibika, kwani Bwana H. E. Lambert alikiandikia kitabu mwaka 1958. Washirazi husimulia kwamba wazee wao walitoka Shiraz katika nchi ya Uajemi. Wataalamu wengi wa leo huona kwamba walishuka kutoka pwani ya kaskazini. Kwa vyovyote vile, wao nao walifika wakiwa wageni.

Jambo la pili ni kutembea. Akishika njia ya kaskazini atafika Gazi, palipokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza. Mwezi wa Agosti 1895 ngome yake ya Mwele, huko bara, ilitekwa. Aprili 1896 alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, na mwaka 1910 akafa Dar es Salaam, mbali na mji wake.

Akiendelea mbele, upande wa Diani, ataikuta Kaya Kinondo, mwitu mtakatifu wa Wadigo. Mwaka 2008 mwitu huo ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na makaya mengine ya Mijikenda. Aingiaye hufungwa nguo nyeusi, wala haruhusiwi kutoka na kitu, hata jani. Hapo mgeni atafahamu kwamba mwitu usiolimwa si lazima uwe ardhi isiyo na mwenyewe.

Kisha na ashike barabara ya Lunga Lunga hadi Ramisi, ambako kiwanda cha zamani cha sukari kilifungwa mwaka 1988. Miongoni mwa waliofanya kazi katika miwa na mkonge wa pwani hii walikuwa Wamakonde kutoka Msumbiji. Watoto na wajukuu wao walizaliwa papa hapa, lakini kwa miaka mingi walikaa bila vitambulisho. Mwaka 2016 walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, na Serikali ikawakubali kuwa kabila la 43 la Kenya. Basi, mtu asiwe mwepesi wa kumwita mwenzake mgeni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipata shamba Munje au penginepo, usianze kwa panga. Mwendee kwanza mzee wa mtaa, umwamkie, umwulize: Mti huu mkubwa uliachwa kwa sababu gani? Mawe haya yaliyopangwa ni ya kaburi la nani? Njia hii ya kwenda pwani hupitwa na kina nani? Hati ya shamba haina majibu ya maswali hayo, na ugomvi mwingi wa mashamba huanzia hapo. Nawe uliye karani, chukua daftari uandike ayasemayo mzee, na siku uliyoyasikia, ili watoto wa mji wayasome baadaye.

Ukiisha kufanya hivyo, pokea jembe lako. Utalima kwa amani, na halitagonga kaburi la mtu.