"Aina ya Samaki" si Jibu

Majuzi nilialikwa katika shule moja ya upili mjini Kitengela kuzungumza na wanafunzi kuhusu ushairi. Kabla ya kipindi kuanza, palizuka mjadala katika chumba cha walimu uliofanya chai yangu ipoe mezani. Mwalimu mmoja alikuwa amerejea kutoka Shimoni, pwani ya kusini, alikokwenda likizoni na kuvua kwa mshipi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ndoana yake, iliyotiwa chambo cha kipande cha kibua, ilinasa samaki asiyepata kumwona. Kijana wa mashua alimwambia tu, "Huyo haliwi, mrudishe." Basi akampiga picha, akamrudisha majini, akaja nayo Kitengela mithili ya mtu aliyebeba kitendawili.

Samaki mwenyewe alikuwa mwembamba, mrefu kiasi cha mkono wa mtu mzima, na ubavuni alikuwa na mstari mweusi. Juu ya kichwa palikuwa na bapa lenye mifuo, kana kwamba mtu alimkanyaga akamwachia alama ya soli ya kiatu. Mwalimu wa sayansi alisema ni papa mchanga. Mwenzake aliyezaliwa kando ya Ziwa Viktoria akashikilia kwamba ni jamaa wa kamongo. Wa tatu alidai kuwa samaki amelazwa chali, na lile tulilodhani ni kichwa kwa kweli ni kidevu. Mwanafunzi aliyeleta madaftari alichungulia, akauliza: "Kwa Kiswahili anaitwaje?" Wote wakanigeukia, kwani hudhaniwa kuwa mwanaisimu hujua kila neno lililomo katika lugha. Nilikiri kwamba sijui.

Kuuliza si ujinga. Jioni ile mwalimu alimpelekea yule kijana picha, naye akampelekea babu yake, mvuvi wa siku nyingi. Mzee hakuanza kwa kutaja jina. Alianza kwa swali: "Alikuwa peke yake, au palikuwa na papa au kasa karibu?" Mwalimu akakumbuka kuwa muda mfupi kabla ya kunasa, papa alipita chini ya mashua. "Basi huyo si mgeni, mwanangu," akasema mzee. "Huyo ni chazo."

Lile bapa ni pezi la mgongoni lililogeuka kuwa chombo cha kunatia. Chazo hujigandisha kwa papa, kasa, hata kwa mashua, akasafirishwa bila nauli. Zamani wavuvi wa pwani yetu walimfunga kamba mkiani na kumwachia baharini akanate kwenye gamba la kasa, kisha wakavuta kamba polepole. Kwa wataalamu, chazo wa aina hii ni Echeneis naucrates, jina alilopewa na Linnaeus mwaka 1758. Neno Echeneis lina asili ya Kigiriki, nalo limejengwa kwa maneno yenye maana ya kushika na merikebu, kwa kuwa watu wa kale waliamini kwamba samaki huyu aweza kuisimamisha merikebu. Kumbe hata jina la kisayansi lilianzia katika masimulizi ya mabaharia!

Hapa ndipo ninapotaka kuwashika sikio walimu wenzangu. Tukizifungua kamusi zetu, mara nyingi tutakuta samaki wa baharini amefafanuliwa kwa maneno mawili matatu: "aina ya samaki". Hebu tumfikirie mzee wa Kajiado aliyepotelewa na ng'ombe. Je, atazunguka akiuliza kama kuna aliyeona "aina ya mnyama"? La hasha! Atataja rangi na mabaka, mkunjo wa pembe, alama ya sikioni, na malisho alikoonekana mara ya mwisho. Ufafanuzi wa namna hiyo ndio unaostahili kuitwa elimu. Mvuvi naye anao wa kwake, ila sisi tulio bara, zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini, tumeridhika na ganda la neno bila kiini chake.

Matokeo yake tunayaona darasani. Mwanafunzi wa Kitengela hukariri methali isemayo kuwa hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, akaeleza kwa ufasaha madhara ya hasira, lakini hajui kwamba mkizi ni samaki arukaye juu ya maji, na kwamba kuruka huko ndiko kunakomtia chomboni. Methali imebaki funzo, picha yake imefutika.

Yamkini msomaji atasema kuwa huo ni upungufu wa kitaaluma tu, hauui mtu. Unaua. Yuko samaki aitwaye bunju, ajivimbishaye kama mpira anapotishwa. Ini lake na mayai yake huwa na sumu kali ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Aliyefundishwa na wazee wake humtambua kabla hajamfikisha jikoni. Asiyemjua huona kitoweo. Kati ya watu hao wawili, kinachotofautisha uhai na mauti ni neno moja lenye maelezo yake kamili.

Historia inatupa mfano mkubwa zaidi. Tarehe 22 Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, Bi. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho, alikuta miongoni mwa samaki walioletwa na meli ya uvuvi mmoja wa rangi ya buluu, mwenye magamba magumu na mapezi yaliyotokeza kama viungo. Alipekua vitabu asimpate. Alimchora, akampelekea mchoro Profesa J.L.B. Smith. Kabla mtaalamu huyo hajafika, sehemu za ndani zilikuwa zimekwisha kutupwa. Smith aliutambua ukoo wa silikanti, uliodhaniwa kuwa ulitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, akamwita Latimeria chalumnae.

Ili amchunguze kikamilifu alihitaji samaki wa pili. Alisambaza pwani karatasi zenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100, zilizoandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Miaka 14 ikapita. Mnamo Desemba 1952, katika kisiwa cha Anjouan huko Komoro, mvuvi Ahamadi Abdallah alivua samaki mkubwa kwa mshipi usiku. Alikuwa karibu kukatwakatwa ndipo Affane Mohamed, mwalimu wa shule, alipomtambua kwa ile picha. Walimvusha milima ya kisiwa mpaka chomboni kwa nahodha Eric Hunt, rafiki wa Smith, na Smith akaja kwa ndege kumchukua.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, aliyeunganisha elimu ya kitabuni na elimu ya ngalawani alikuwa mwalimu. Pili, wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua samaki huyo siku zote, na walimwita gombesa. Dunia ya wataalamu ilishangilia "ugunduzi" wa kiumbe ambaye tayari alikuwa na jina katika Kikomoro, lugha iliyo ndugu ya Kiswahili katika kundi la Sabaki pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kiilwana. Karatasi za zawadi hazikuandikwa kwa Kikomoro wala kwa Kiswahili. Simlaumu Smith kwa kukosa kuijua lugha ile, ila najiuliza kama miaka 14 isingepungua lau swali lingeulizwa kwa lugha ya wenye jibu.

Silikanti hakuishia Komoro. Mwaka 2001 alinaswa mmoja nje ya Malindi, hapa kwetu Kenya. Tangu mwaka 2003 wamepatikana wengi Tanzania, hasa Tanga, katika nyavu za jarife zitegwazo kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 pakaanzishwa huko hifadhi ya bahari yenye jina lake.

Basi mtu akinasa samaki asiyemjua afanye nini? Ampige picha akiwa amelazwa ubavu, mapezi yamekunjuliwa, na kando yake kitu cha kulinganishia urefu. Aandike rangi yake angali hai, kwani rangi hufifia haraka. Aandike mahali, kina, chambo, na viumbe waliokuwa karibu. Asimle. Kisha amtafute mzee, wala asitosheke na kuuliza "anaitwaje?" Aulize anaishi wapi, anakula nini, anaonekana msimu gani, analiwa au haliwi, na kwa nini. Majibu yale ndiyo kamusi.

Wala wanafunzi wa Kajiado wasingoje safari ya Mombasa. Ziwa Magadi limo katika kaunti yao, na katika chemchemi zake za moto na magadi huishi samaki mdogo aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1912, siku hizi Alcolapia grahami. Hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 40, na mwaka 1989 watafiti walieleza kwamba hutoa uchafu wa mwilini kwa njia ya urea, kama tufanyavyo sisi, badala ya amonia kama samaki wengi. Namwomba kila mwalimu wa eneo hilo awatume wanafunzi kwa wazee wa Magadi, daftari mkononi, wakayaulize maswali yale yale kwa Kimaasai, kisha wayaandike majibu kwa Kiswahili.

Yule mwalimu wa Kitengela ameahidi kurudi Shimoni likizo ijayo. Safari hii, asema, mshipi atauacha nyumbani. Atachukua daftari, akae na yule mzee. Kijana wa mashua naye ameomba awepo.